Kengele ya Tatu

Shira ilikataa kushika. Mzee Mwinjuma alisimama uani kwake Tandika, mwiko mkononi, akivitazama visheti vyake vikiogelea kwenye sukari ya majimaji badala ya kuvikwa vazi jeupe kama ilivyotakiwa, na kwa hukumu yake kosa halikuwa lake. Sukari ya siku hizi si sukari. Wakubwa wanaagiza takataka huko nje wanawalisha wanyonge, wenyewe wanakunywa chai ya asali. Ndivyo alivyomwambia Rukaiya, jirani wa ukuta mmoja, alipochungulia kujua ni nini kinaungua.

"Sukari haina kosa, shemeji," Rukaiya alisema. "Umeiepua mapema. Chausiku alikuwa anachovya kidole, anavuta, mpaka aone uzi. Wewe umeona uzi?"

"Mie nimeona povu."

"Povu." Rukaiya akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini mabega yalimsaliti. "Lete hapa nikuandalie vingine. Unga ninao, samli ninayo, dakika arobaini tu."

"Niache, Rukaiya. Niliyemwahidi ni yeye, sikukuahidi wewe."

Rukaiya akashusha mtandio. Alikuwa rafiki wa marehemu Chausiku, mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa amempitishia mwanamume huyu bakuli la futari juu ya ukuta, na mwezi mzima bakuli lilirudi tupu bila neno la shukrani. Alimzoea hivyo hivyo. Alimtazama akivipakua visheti, vimeshikamana vitatu vitatu, akivipanga kwenye sinia la bati lenye picha ya jogoo aliyebanduka mkia, kisha akavifunika kwa kanga ya Chausiku na kulibeba sinia kwa mikono miwili mpaka kwenye guta, baiskeli yake ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Hapo Rukaiya akajua kwamba mzee hatanii. Anakwenda Mnazi Mmoja kweli.

Ilikuwa Idi Pili, ya kwanza tangu Chausiku atangulie. Miaka ishirini na mbili mwanamke yule aliuza visheti Mnazi Mmoja kila sikukuu, na miaka ishirini na mbili mumewe alimpeleka kwa guta mpaka langoni, akamshusha yeye na sinia lake, akaondoka. Ndani hakuingia hata mara moja.

Haikuwa kwamba hapajui. Kwa watu wa rika lake Mnazi Mmoja haikuwa bustani ya kupumzikia. Ndipo baba yake, mpagazi wa bandarini, alipokuwa akisimama juani na wenzake kusikiliza mikutano ya kudai uhuru, akirudi nyumbani sauti imemkauka kwa kuitikia. Ndipo Maulidi yaliposomwa. Ndipo mji mzima ulipomiminika siku za Idi, kutoka Temeke, kutoka Mwananyamala, watoto wananukia nguo mpya na pembea za mbao zinalia kama zinaomba mafuta. Na ndipo alipomwona Chausiku mara ya kwanza, yuko juu ya pembea, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika kiatu, kwa sababu cha pili kilishaanguka. Mwinjuma, kijana wa kiwanda cha nguo, mshahara wa kwanza mfukoni, aliingia kati ya miguu ya watu akakitafuta kiatu kile mpaka akakipata. Akakifuta vumbi kwa shati lake jipya. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwake, maana ya mdomoni yalimpotea.

Basi kiwanda kilipofungwa, na akarudi nyumbani na barua ambayo kwa darasa lake la nne aliisoma mpaka nusu tu, na Chausiku akatoka na sinia kwenda kuuza pale pale, hilo ndilo lililomshinda. Pale alipokuwa ameonekana akiwa na mshahara, aonekane amekaa kando ya visheti vya mkewe. Hapana. Alinunua guta, akabeba mizigo ya watu sokoni Mabibo, akabeba ngozi Vingunguti, akabeba chochote, lakini ndani ya Mnazi Mmoja hakuingia. Akishamshusha mkewe alikwenda mtaa wa Gerezani, akalala ndani ya guta kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, kofia usoni. Magharibi ikikaribia anarudi langoni anapiga kengele. Anapiga mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ndipo Chausiku anatokeza, sinia kichwani, anatembea kama hana haraka na dunia.

"Hivi husikii kengele?" alikuwa akimgombeza.

"Nasikia."

Na kila mwaka, kabla ya kushuka, mwanamke alikuwa na lake moja: "Ingia basi, ukae kidogo." Na yeye kila mwaka alikuwa na jibu lake: "Mwakani."

Mwaka jana Chausiku alilazwa. Mashine ya kipimo ilikuwa mbovu, wakaambiwa njooni Jumatatu. Jumatatu ikawa siku ya mapumziko ya serikali, wakaambiwa njooni Jumanne. Mwinjuma aliwahesabia wa hospitali makosa hayo kidole kwa kidole, aliwahesabia msikitini, aliwahesabia kwenye kahawa, mpaka watu wakawa wakimwona anakuja wanakumbuka shughuli zao. Lakini jambo moja hakumwambia mtu. Jumapili ile ya kati, ameketi pembeni ya kitanda, alimshika mkewe mkono akasema, "Idi ijayo naingia. Nakaa na wewe mpaka magharibi."

"Mwakani, mwakani," Chausiku aliigiza sauti yake, nzito, midomo imemkauka.

"Wallahi naingia."

Mwanamke akamtazama vizuri, maana mumewe hakuwa mtu wa kuapa. "Basi usije mikono mitupu," alisema.

Chausiku hakuifikia Jumanne.

Ndiyo maana visheti lazima viende, vimeshika visishike. Alikuwa ameapa kukaa naye mahali pake mpaka magharibi, na kiapo hakikufa na mtu. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilimkosesha usingizi Ramadhani nzima: mahali penyewe hakupajua.

Alipiga pedali kupitia Chang'ombe, magoti yanamlalamikia, magari yanampigia honi. Barabara wamepanua, mabasi wameyatengea njia yake, wenye magari yao wana njia yao, waenda kwa miguu wana njia yao, mwenye guta wamemsahau kabisa, kana kwamba mji huu haukujengwa kwa mizigo aliyoibeba yeye. Alipofika lango la Mnazi Mmoja fulana ilikuwa imemganda mgongoni. Akashuka. Akaliegesha guta pale pale alipoliegesha miaka yote. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kengele, akaurudisha.

Langoni alikuwepo mlinzi mwanamke, kijana, sare ya bluu, rungu limening'inia kiunoni. Kifuani pameandikwa jina, Tusajigwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hilo sinia haliingii. Biashara ndani hairuhusiwi siku hizi."

"Nani kakwambia nauza?"

"Sinia, kanga juu yake, Idi Pili. Mzee wangu, mie nina macho."

Mwinjuma akaliweka sinia juu ya guta, akavuta pumzi. Mlinzi alikuwa amebonyeza penyewe. "Sikiliza, binti. Hapa ndani watu walisimama juani kuitafuta nchi hii kabla baba yako hajazaliwa. Hakukuwa na lango, hakukuwa na rungu. Leo wamekuja wenye suti wamepanda maua, wameweka na mtu wa kutuuliza tumebeba nini. Hospitalini dawa hakuna, maua yapo. Maua yana mwagiliaji wake analipwa."

"Mie sikupanda maua, mzee. Nimetoka Tukuyu mwaka juzi."

"Na huko Tukuyu mnafunguaga milango kwa wageni au mnapiga watu rungu?"

"Inategemea mgeni kabeba nini." Tusajigwe alitabasamu kidogo. "Kama huuzi, nipe kimoja bure tuone."

Mzee akafunua kanga. Alijaribu kutoa kimoja, vikaja vinne vimekumbatiana. Mlinzi akavipokea kwa vidole viwili, akauma, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, shavu limevimba.

"Ni kweli huuzi," alisema mwishowe. "Hivi nani angenunua. Pita, mzee. Ila guta libaki hapa, na jua likizama nafunga."

Akapita.

Ndani hapakuwa pale. Vumbi lake alilolijua, lile la kuingia kwenye viatu vipya, lilikuwa limefunikwa kwa nyasi na vijia vya matofali. Pembea za mbao hazikuwepo. Palikuwa na majumba ya mpira yaliyojazwa upepo, watoto wanarukaruka ndani yake, na mashine inanguruma kuyashikilia yasilale. Watu walikuwa wengi, madera na kanzu, wasichana wamechora hina mpaka viwiko, kila mmoja anapiga picha na simu. Mwinjuma alisimama katikati ya kijia, sinia mikononi, akajiona kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake.

Alichokuwa nacho ni maneno ya mkewe tu. Chausiku alikuwa na tabia ya kusimulia siku yake njiani wakirudi, ameketi ndani ya sanduku la guta, miguu inaning'inia, anamsemesha mgongo. Na mgongo ulisikia kidogo hiki, kidogo kile, akili iko kwenye mashimo ya barabara. Alisemaje? Alisema jua la alasiri linampiga bega la kushoto. Alisema akigeuza shingo anauona mnara. Alisema nyuma yake kuna mti wa mkungu, na mzizi wake umenyanyua zege, na yeye anauegemea mgongo ukimuuma.

Basi akaanza. Alisimama hapa, jua likampiga kushoto, lakini mnara umezibwa na jumba la mpira. Akasogea. Mnara ukaonekana, ila mkungu hakuna. Akasogea tena, anarudi kinyumenyume, anageuza shingo, anaangalia bega lake, mpaka kundi la vijana wakaanza kumtazama na mmoja akauliza mzee anacheza singeli ya wapi. Mikungu aliiona miwili tu, yote mbali ukutani, na kwenye yote jua lilikuwa upande wa kulia. Alizunguka uwanja mara mbili. Sinia likawa zito. Akatafuta mtu wa kumtupia lawama, akampata upesi: wao. Wamebomoa mpaka mahali pa mtu pa kukaa. Hawakuridhika kumnyima kipimo, wamemfutia na alama.

"Wee mzee. Hilo sinia umelitoa wapi?"

Aligeuka. Mwanamke mnene wa makamo, msalaba mdogo shingoni, ameshika fimbo iliyosongwa maputo na miwani ya watoto, alikuwa amemkazia macho, si yeye bali jogoo aliyetokeza chini ya pindo la kanga.

"La nyumbani kwangu," Mwinjuma alisema.

"La kwako vipi? Jogoo huyo alibandukia mkia hapa hapa, mbele yangu, siku lilipoanguka. Lina mwenyewe, namjua."

"Mie ni mumewe."

Mwanamke akateremsha fimbo yake. Akamtazama kuanzia kofia mpaka kandambili, akarudi juu. "Kumbe upo kweli," alisema. "Sie tulijua anatupiga kamba. Mie naitwa Auleria. Tulikaa ubavu kwa ubavu na mkeo miaka kumi na nne, hajakuonyesha hata kwa mbali. Tulikuwa tunamtania, wee Chausiku, huyo mume wako jini?" Alicheka, kisha akaangalia nyuma ya mzee, kuelekea langoni. "Yeye yuko wapi? Mwaka huu kachelewa."

Mwinjuma alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi, msikitini, kwenye kahawa, kila mara likiwa na mtu wa kulaumiwa mkiani. Sasa lilitoka peke yake.

"Hayupo. Mfungo nane uliopita, miezi mitano sasa."

Auleria hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, juu ya ukingo wa kijia, maputo yakamgonga kichwani na hakuyaondoa. Mtoto mmoja akaja kuuliza miwani, akamwambia baadaye.

"Sukari?" Auleria aliuliza.

"Sukari. Na hao wa hospitali." Akataka kuanza na mashine, lakini akaiacha. "Nionyeshe alipokuwa anakaa. Nimezunguka mara mbili."

Auleria akainuka, akamwongoza. Hapakuwa mbali, alikuwa amepapita mara zote mbili. Palikuwa na duara la maua mekundu, limezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa. Mkungu ulikatwa mwaka jana, Auleria alisema, mzizi ulikuwa unaharibu njia, wakaja na msumeno. Kisiki kipo chini ya hayo maua. "Yeye hapa," akagusa tofali kwa kidole cha mguu. "Mie pale. Na hapa kati ndipo penye ule ugomvi."

"Ugomvi gani?"

"Wa kanga." Auleria alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwulizaji ndiye alipaswa kulijua. "Alikuwa anatandika kanga hapa pembeni yake, kaikunja mara nne. Mtu akitaka kukaa anamwambia, samahani, pana mwenyewe, yuko njiani. Watu wamejaa, kivuli hakitoshi, yeye kashika nafasi ya mtu mzima haina mtu. Mwaka mmoja ikanyesha, tumebanana chini ya mkungu kama dagaa, mie nikasema leo nakaa, nimechoka. Alininunia mpaka Idi iliyofuata." Akatikisa kichwa. "Halafu jioni kengele. Kengele ikilia tu anasema, kafika. Lakini haondoki. Anaangalia lango. Namwambia, wee, unaitwa. Ananiambia, ngoja, labda leo ataingia. Inalia ya pili, bado anaangalia. Ya tatu ndiyo anakunja kanga."

Mwinjuma alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Alitafuta kwa mazoea, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi: wa hospitali, wenye suti, waliofunga kiwanda, waliokata mkungu. Aliwapitia wote, na kwa hili hakuna aliyemfaa. Kutoka hapa mpaka langoni hazikuzidi hatua sitini. Aliziona zote.

"Nipishe nikae," alisema hatimaye.

Auleria alidhani atakaa mahali pa marehemu. Mzee hakukaa pale. Aliiondoa kanga juu ya sinia, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, kingo zimelingana, akaitandika juu ya tofali lake Chausiku. Kisha akaketi pembeni, pale kati, mahali pa ule ugomvi. Sinia akaliweka magotini. Jua likampiga bega la kushoto. Aligeuza shingo, na mnara ukawepo.

Watoto walikuja, kwa sababu watoto huliona sinia kutoka ng'ambo ya uwanja. Aliwagawia, vinne vinne, vile vilivyokumbatiana. Wengine walikula, mmoja alikitema kwa siri mkononi mwa dada yake. Auleria alichukua kimoja, akatafuna, akasema vya Chausiku vilikuwa havikamati meno hivi.

"Shira haikushika," Mwinjuma alisema. "Niliiepua mapema." Hakuitaja sukari ya siku hizi.

Alasiri ilikuwa ndefu. Hakujua kwamba ilikuwa ndefu hivi. Kule Gerezani aliimaliza kwa usingizi mmoja. Aliona aliyokuwa akiyaona mkewe: baba amembeba mtoto mabegani na mtoto amembeba mwanasesere mabegani, vikongwe wawili wa Kizaramo wanataniana juu ya nani atatangulia kuzikwa, msichana amevua viatu anavishika mkononi kwa sababu vimemchubua. Mengine aliyakumbuka. Alikuwa amesimuliwa, mgongoni, mwaka baada ya mwaka.

Jua liliposhuka nyuma ya maghorofa ya Kariakoo, kijana na mchumba wake walikuja wamechoka, wakaangalia ukingo wa maua uliojaa watu.

"Shikamoo, babu. Hapo kuna mtu?"

"Pana mwenyewe," Mwinjuma alisema.

Vijana wakaitazama kanga, wakatazamana, wakaenda zao.

Watu wakaanza kupungua. Mashine zilizimwa, majumba ya mpira yakalala chini taratibu kama yanasujudu. Auleria alifunga maputo yaliyobaki, akamshika mzee bega, akaondoka bila kuaga kwa maneno. Na hapo, kutoka langoni, kengele ikalia.

Ilikuwa ya guta lake. Tusajigwe alikuwa amechoka kuita kwa mdomo, amepata cha kupigia. Mwinjuma aliijua sauti ile kuliko alivyojua ya kwake mwenyewe, lakini hakuwa ameisikia kutoka ndani. Kutoka huku ilikuwa ndogo. Ilikuwa kali pia, ya mtu mwenye haraka, mtu anayedhani amewekwa kusubiri.

Hakuinuka. Akaliangalia lango.

Ikalia tena. Mlinzi alionekana amesimama kando ya guta, mkono kiunoni. Adhana ikaanza upande wa Kariakoo, na nyingine ikaidakia. Mzee akaweka kiganja juu ya kanga. Kitambaa kilikuwa bado na vuguvugu la jua.

Kengele ikalia mara ya tatu.

"Kafika," alisema. Akaikunja kanga, akalichukua sinia la jogoo, akatembea kuelekea langoni, polepole, kama mtu asiye na haraka na dunia.